Mkwaruzo wa Konono

Waliotusomesha uhandisi huku Ulaya walitufundisha kwamba mkwaruzo katika spika ni ugonjwa, na kazi yetu ni kuutibu. Ndiyo maana "Congotronics" ya Konono N°1, iliyotolewa mwaka 2004 na Crammed Discs ya hapa hapa Brussels, ilitushtua. Mwenzetu wa nyumbani aliuliza kama redio imeharibika.

Mzee Mawangu Mingiedi, aliyefariki mwaka 2015, alitaka tu likembe yake isikike katikati ya kelele za Kinshasa. Akaunda maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari. Likembe tatu, za sauti nzito, ya kati na nyembamba, zikaanza kunguruma. Mkwaruzo ulikuja bila kualikwa, lakini hawakuufukuza. Waliupa nafasi kama mpigaji mwenzao.

Wapenzi wa punk waliwaelewa kabla yetu. The Ex, wale wakorofi wa Uholanzi, waliweka wimbo wa Konono katika albamu yao "Turn" mwaka huo huo wa 2004. Sisi tuliokulia rumba safi tuliona aibu: Wazungu watatuona watu wa makopo! Na kweli, wengi huku walisifu vyuma chakavu kuliko muziki. Hilo bado linatuudhi, maana chuma chakavu hakijipigi. Sikilizeni likembe nzito inavyoshikilia mwendo huku nyembamba ikizungukazunguka juu yake. Hiyo ni hesabu ya watu waliofanya mazoezi miaka mingi.

Nyimbo nyingine ni ndefu kupita kiasi, hatukatai. Lakini zaidi ya miaka 20 imepita, na hatujawahi kuizima katikati.