Jani Linalovunjika: Kuijua Mboga Bichi na Kuitunza Kwenye Friji

Wengi wanaolalamika kwamba friji zao zinaharibu mboga wana friji nzima kabisa. Mboga yenyewe ndiyo iliyokwisha kuharibika kabla haijaingia jikoni. Ilichumwa jua likiwa kali, ikafungwa kwa kubanwa, ikakaa mezani ikinyunyiziwa maji kutwa nzima, kisha ikatupwa kwenye rafu ya juu ndani ya mfuko uliolowa. Friji haifufui kitu. Inatunza ilichopewa, tena kwa muda. Anayetaka saladi inayovunjika kwa mlio siku ya tano aanze kuchagua sokoni.

Ubichi wa jani ni maji yaliyomo ndani yake. Karibu asilimia 95 ya jani la saladi ni maji, yamejaa ndani ya seli ndogo mpaka kuta zake zinasukumana, na msukumo huo ndio unaolifanya jani lisimame na kuvunjika ukiling'ata. Likishachumwa, mizizi haileti tena maji, lakini vitundu vya jani vinaendelea kuyatoa hewani. Saladi ikipoteza asilimia 3 hadi 5 tu ya uzito wake, jicho linaona: kingo zimelegea, rangi imefifia, jani linakunjika bila kukatika. Mambo yote ya kutunza mboga za majani yanatokana na hapo. Maji ya ndani yasitoke, na maji ya nje yasikae juu ya jani. Wauzaji wetu wengi hufanya kinyume, na si kwa ubaya. Jua la masoko ya Kariakoo au Buguruni, Dar es Salaam, saa sita mchana halina huruma, na anayenyunyiza maji anajaribu kuokoa mtaji wake. Mnunuzi ndiye anayepaswa kujua kutofautisha jani lililojaa na jani lililolowa.

Shika fungu la mchicha mashinani, uligeuze kichwa chini, ulitikise mara moja kwa nguvu. Matone yatadondoka, na sasa unaona mboga yenyewe. Majani yaliyojaa hubaki yamekakamaa hata yakiwa yameelekezwa chini. Yaliyochoka hulala juu ya mkono wako. Kisha kunja bua moja. Bichi hukatika, lililokaa hupinda na kuacha nyuzi. Halafu ingiza vidole viwili katikati ya fungu, pale kamba ilipobana. Hapo ndipo penye siri. Mboga iliyochumwa bado inapumua, na kupumua huko kunatoa joto. Fungu lililobanwa hujipika lenyewe taratibu kutoka ndani. Ukisikia uvuguvugu, au ukinusa harufu ya majani yaliyofunikwa, liache hata kama nje linapendeza. Matundu ya wadudu hayanitishi. Vishada vya maua vinanifanya nirudishe fungu, kwa kuwa mchicha uliokwisha kuchanua umekomaa na mabua yake ni ya kutafuna bila kumeza.

Muulize muuzaji saa, si siku tu. "Mama, huu umeng'olewa lini?" Akikujibu, "Alfajiri hii, mwanangu, hata umande haujakauka," angalia mizizi. Mchicha wa mabondeni hapa Dar es Salaam mara nyingi hung'olewa na mizizi yake, na mizizi haisemi uongo: ikiwa myeupe na laini, maneno ya mama ni kweli, ikiwa imesinyaa na udongo umekauka juu yake, huo ni wa jana. Uchumaji wa alfajiri ni bora kuliko wote, maana usiku jani limejazwa maji na halijapigwa jua.

Saladi ina kipimo chake. Nyingi tunayokula hushuka kutoka nyanda za baridi kama Lushoto, mji ulio mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mgeta katika milima ya Uluguru, hivyo imesafiri kabla hujaiona. Tazama kitako, pale kisu kilipopita. Kikiwa cheupe, na ukikikwaruza kwa ukucha kinatoa utomvu kama maziwa, umepata mali. Kikiwa na wekundu hafifu, ni ya kula leo au kesho. Kikiwa kahawia, huyo muuzaji atakuwa amekwisha kuvua majani ya nje mara kadhaa ili kuifanya ionekane changa, na ndiyo sababu kichwa ni kidogo kuliko kitako chake. Sukuma wiki na spinachi nazipima kwa kusugua majani mawili pamoja: yaliyo mabichi hutoa mlio wa kukwaruzana, yaliyochoka yanapita kimya.

Ukifika nyumbani, fanya kazi mara moja. Kupumua kwa mboga huongezeka mara mbili au tatu kwa kila ongezeko la nyuzijoto 10, kwa hiyo fungu lililoachwa juu ya meza ya jiko lenye joto la nyuzi 30 linazeeka mbio. Fungua kamba. Toa kila jani la manjano, lililopondeka au lenye utelezi, bila kulionea huruma, maana jani moja lililooza huambukiza yanayoligusa. Baadhi ya bakteria wa kuozesha huendelea kuzaliana hata kwenye baridi ya friji, na wanachohitaji ni jeraha na unyevu.

Kuosha au kutoosha? Mboga ya kupika, yaani mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, kung'uta udongo, kata mizizi, uihifadhi bila kuiosha. Utaosha siku ya kupika. Saladi na giligilani naziosha mapema, kwa sababu mtu mwenye njaa akikuta majani yako tayari atayala, na akikuta yana mchanga atayaruka. Lakini ukiosha lazima ukaushe, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Tandaza khanga kuukuu iliyo safi, weka majani katikati, kusanya pembe zote nne, toka uani, uizungushe kwa mkono kama mtu anayetupa kombeo. Mizunguko ishirini inatosha. Maji yanaruka, khanga inalowa, na majani yanabaki na ubaridi tu mkononi, bila tone. Jani lisipokuwa kavu hivyo, rudia kwa upande mkavu wa khanga.

Chombo ninachokiamini ni kopo pana la plastiki lenye kifuniko. Tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 1 Juni 2019, kaya nyingi zilirudi kwenye makopo na vitambaa, na kwa mboga hilo lilikuwa jambo jema, kwani mfuko uliofungwa kwa fundo hukusanya jasho la majani na kulirudisha juu yao. Tandika kitambaa cha pamba chini, panga majani yakiwa yamelegea, yasishindiliwe, funika kwa kitambaa kingine, kisha kifuniko. Kitambaa kinakunywa matone, na hewa iliyofungiwa humo inabaki na unyevu wa kutosha kuzuia maji ya ndani yasitoroke. Kesho yake fungua ukague. Ukikuta kitambaa kina unyevunyevu na majani yamekauka juu, umepatia. Ukikuta matone yananing'inia kwenye kifuniko, badilisha kitambaa na upunguze majani. Wapo wanaotumia gazeti, nalo linafyonza vizuri, ila sipendi wino wake kwenye kitu nitakachokila kibichi.

Sasa friji yenyewe. Mboga za majani zinapenda baridi karibu na sifuri bila kuganda, na unyevu mwingi kabisa hewani. Friji ya nyumbani inatakiwa isizidi nyuzijoto 4. Usiamini kitufe chenye namba, maana hizo ni ngazi za ubaridi, si nyuzi. Weka kipimajoto ndani ya bilauri ya maji rafu ya kati, kiache usiku kucha, ukisome asubuhi. Friji inayofunguliwa kila dakika na watoto, au iliyojazwa sufuria za moto, inaweza kukaa nyuzi 8 au 9 huku mwenyewe akidhani iko sawa.

Mahali pa majani ni droo ya chini. Ukuta wa nyuma, na rafu iliyo chini ya sehemu ya kugandishia katika friji za mlango mmoja, hugandisha. Jani lililoganda utalijua: lina mabaka meusi yanayopitisha mwanga, utadhani limedondoshewa mafuta, na likiyeyuka linakuwa uji. Barafu imepasua seli zake, na hakuna maji yatakayolisimamisha tena. Friji zisizoota barafu zina feni inayokausha hewa, kwa hiyo humo kopo lenye kifuniko ni lazima. Droo yenye kitelezi cha kufungua na kufunga tundu la hewa, kifunge kwa majani.

Usiweke kwenye droo hiyo ndizi, papai, parachichi, embe wala tufaha. Matunda yanapoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo haina rangi na huwezi kuinusa ikiwa kidogo hivyo, na majani huichukulia kama amri ya kuzeeka. Sukuma wiki hugeuka manjano, saladi hutoka madoadoa ya kahawia kwenye mshipa wa kati, na karoti huwa chungu. Nimeona watu wakimlaumu mkulima wa karoti kwa uchungu ulioletwa na matufaha yaliyolala karibu nazo.

Na si kila kibichi ni cha friji. Matango, bilinganya, bamia, viazi vitamu na mrehani ni watoto wa joto. Tango likikaa siku nyingi chini ya nyuzi 10 huota vishimo na kulowa ngozi. Bilinganya hubadilika rangi ya mbegu. Mrehani huwa mweusi usiku mmoja. Nyanya ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu haionyeshi. Inatoka kwenye friji nyekundu na nzuri, lakini baridi imezima utengenezaji wa harufu zinazoifanya iwe nyanya, na kachumbari inakuwa maji yenye chumvi. Iache mezani, kivulini, kikonyo kikitazama chini.

Kwa utunzaji huo, tegemea mchicha siku tatu au nne, sukuma wiki wiki moja, giligilani wiki na ushee ikisimamishwa kwenye bilauri yenye maji kidogo na kufunikwa, na saladi ya kichwa kizima hadi wiki mbili kama ilinunuliwa na kitako cheupe. Ikinyauka kabla ya hapo, kata ncha ya bua na uzamishe majani kwenye maji ya baridi yaliyo salama kunywa, nusu saa. Jani lililokuwa na kiu tu litasimama tena. Lisiposimama, seli zake zimekufa, na halifai tena kuliwa bichi.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friji iliyofungwa huhimili ubaridi wake saa 4 hivi. Kwa asiye na friji, kuna njia ya mtungi ndani ya mtungi, wenye mchanga uliolowa katikati, ambayo mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliieneza kaskazini mwa nchi yake mwishoni mwa miaka ya 1990. Maji yanapokauka kwenye mchanga huondoka na joto. Dodoma na Singida, ambako hewa ni kavu, inafaa sana. Pwani, ambako hewa imekwisha kushiba maji, mtungi huo haupoi kiasi cha kutosha, na mwenyeji wa Tanga au Mombasa atafaidi zaidi akinunua fungu la siku moja, asubuhi, na kulisimamisha mizizi yake ndani ya bakuli la maji penye upepo mpaka saa ya kupika.