Ngome ya Tope: Jinsi Delta ya Rufiji Ilivyolindwa, 1914–1915

Ukienda Delta ya Rufiji, usitafute kuta za mawe kama za Kilwa. Vita Kuu ya Kwanza ilikaa huku zaidi ya miezi minane, manowari za Mwingereza zikazuiwa mlangoni, lakini aliyezizuia hakujenga boma. Alilindwa na tope, mikoko, waya wa simu na watu waliokaa juu ya miti wakiangalia. Kifundi, ulinzi huo ulikuwa wa akili nyingi, na namna ulivyovunjwa inaeleza mengi kuliko namna ulivyosimama.

Kilicholindwa ni meli. Königsberg, manowari ya Kijerumani ya mita 115 yenye mizinga kumi ya sentimita 10.5, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar asubuhi ya 20 Septemba 1914. Mitambo ya Königsberg ilikuwa imeanza kusumbua, na nahodha Max Looff alihitaji maficho. Ramani za Waingereza hazikuonyesha kwamba meli ya ukubwa ule inaweza kupenya Rufiji. Wajerumani walikuwa wameshayapima matawi ya mto. Looff akapanda mpaka upande wa Salale, akaifunika milingoti kwa matawi ya miti. Waingereza wa manowari Chatham waliigundua tarehe 30 Oktoba.

Kuiona ni jambo moja, kuifikia ni jingine. Chatham nayo ilihitaji maji ya kina kirefu, na ilipofika mwisho wa kina hicho makombora yake hayakuifikia Königsberg. Ilichoweza ni kuichoma meli ya mizigo, Somali, iliyokuwa karibu zaidi na bahari. Huo ndio ukuta wa kwanza: umbali uliolindwa na kina cha maji, bila mtu kubeba hata jiwe.

Ukuta wa pili ulikuwa kazi ya Schönfeld, ofisa mstaafu wa jeshi la maji aliyekuwa na shamba katika koloni hili la Kijerumani. Alitawanya askari kwenye midomo ya mto, Simba Uranga, Kikunja na mingineyo, wakachimba mahandaki nyuma ya mstari wa kwanza wa mikoko, wakiwa na bunduki, rashasha na mizinga midogo. Anayejua Delta ataelewa werevu wa mahali hapo. Mizizi ya mkoko imepinda juu ya tope kama miguu ya kaa, na baina yake huwezi kukimbia, huwezi kulala chini ukalenga, na maji yakijaa huna pa kusimama. Wa kushambulia hana budi kubaki ndani ya chombo, katikati ya mkondo, anaonekana. Aliyejificha haonekani mpaka afyatue.

Ukuta wa tatu ndio ninaouheshimu zaidi. Mizinga ya Königsberg ilipiga juu ya msitu bila kuona shabaha. Walioona ni waangalizi waliokaa kwenye vilima vidogo na juu ya miti, wakipeleka habari kwa simu: limepita, limepungua, sogeza kushoto. Bila watu hao, mizinga kumi ingekuwa inapiga kelele tu.

Waingereza walijaribu njia ya mkato. Tarehe 10 Novemba waliingiza meli kuukuu, Newbridge, wakaizamisha katika mkondo wa Suninga huku wakipigwa risasi kutoka kingo zote mbili. Kwa maoni yangu ulikuwa ushujaa uliopotea bure, maana huzibi nyumba yenye milango mingi kwa kufunga mmoja. Wajerumani nao hawakukaa bure: sehemu za mitambo zilikokotwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam na kurudishwa, kwa nguvu za mamia ya Waafrika ambao vitabu vingi haviwataji hata kwa majina.

Ngome hii ilivunjwa tabaka kwa tabaka. Pretorius, mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini aliyeijua Rufiji, alitumwa kupeleleza ilipo meli na kupima kina cha mikondo, akisaidiwa na wenyeji. Kisha zikaletwa Severn na Mersey, meli bapa zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazili, zinazoelea kwenye maji yasiyofika mita 2. Ukuta wa kwanza ukaanguka hapo. Kisiwa cha Mafia, kilichotekwa Januari 1915, kikawa uwanja wa ndege za Waingereza.

Tarehe 6 Julai meli hizo ziliingia Kikunja zikafyatua makombora zaidi ya 600. Königsberg ilijibu kwa usahihi wa kutisha na Mersey ikapoteza watu. Kisha mabaharia wa Severn waliona watu kwenye jukwaa juu ya mti, wakawapiga. Kuanzia hapo shabaha ya Wajerumani ikalegea. Hata hivyo siku hiyo Waingereza waliondoka mikono mitupu.

Walirudi tarehe 11 Julai. Shaaban ya 1333 ilikuwa inakwisha, mwezi karibu kuandama, na mvuvi wa Delta hahitaji kuambiwa kwamba hayo ni maji ya bamvua. Angani alikuwepo rubani Cull na mwangalizi wake Arnold, mwenye redio. Ndege ikapigwa. Ikiwa inashuka injini imezimika, Arnold aliendelea kutuma marekebisho, akiyasogeza makombora kutoka omo ya Königsberg hadi katikati yake. Ndege ilianguka mtoni karibu na Mersey, wote wawili wakaokolewa. Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru meli ilipuliwe kwa torpedo yake mwenyewe.

Kwa hiyo kilichoshinda ulinzi wa Delta ni jicho lililokaa juu zaidi ya mti wowote. Mahandaki ya Schönfeld hayakutekwa hata moja siku hiyo.

Wajerumani waliiopoa mizinga yote kumi, wakaifungia magurudumu na kupigana nayo bara. Mwili wa meli uliendelea kuonekana mtoni mpaka miaka ya 1960, kisha tope likaumeza. Msomaji anayetaka kugusa chuma chenyewe aende Fort Jesus, Mombasa: mzinga mmoja wa Königsberg uko pale, pamoja na mmoja wa Pegasus.