Mwandishi Aliyekuwa Pia Meneja

Jina la Lolit Solis nililisikia kwa mara ya kwanza mwaka 1995, Dar es Salaam, kutoka kwa baharia wa Kifilipino ambaye meli yake ilikuwa imekwama bandarini ikingoja kipuri. Aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia kwamba naandika habari za bendi na sinema katika gazeti. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Kwao, akasema, watu wa kazi hiyo wana nguvu kuliko wabunge, na mmoja wao, mwanamke, mwaka uliopita alikuwa ameiba tuzo mbele ya kamera za televisheni, akakiri, na bado watu wanamsoma. Nilidhani anatia chumvi. Baadaye nilikuja kugundua kwamba alipunguza.

Solis alifariki tarehe 3 Julai 2025, akiwa na umri wa miaka 78. Katika rambirambi nilizosoma, sifa iliyorudiwa kuliko zote ni kwamba alikuwa mkweli, mtu asiyemung'unya maneno. Sifa hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kitagalogi changu ni cha kuokoteza, na mengi aliyoandika nimeyasoma kwa msaada wa wengine. Lakini nadhani mtu aliyewahi kuifanya kazi ile, hata katika nchi nyingine, ana haki ya kuuliza ukweli wa aina gani tunausifu.

Wafilipino wana neno, tsismis, walilolirithi kutoka kwa Wahispania waliowatawala kwa zaidi ya miaka 300. Ni umbeya, lakini si umbeya mtupu. Ni kama sisi tunavyotofautisha fununu, udaku na uzushi: kuna habari isiyothibitishwa, kuna habari isiyokuhusu, na kuna habari isiyokuwepo kabisa, na mswahili mzuri anajua tofauti hata kama ulimi wake unazichanganya. Huko Manila tsismis ilikuwa na magwiji wake. Kabla ya Solis alikuwepo Inday Badiday, aliyefariki mwaka 2003, malkia wa vipindi vya mazungumzo ya wasanii katika televisheni. Watu walimwita Ate Luds. Ate ni dada mkubwa. Solis naye aliitwa Manay Lolit, na manay vilevile ni dada mkubwa, kwa lugha ya upande mwingine wa visiwa hivyo. Jambo hili si dogo. Msanii hamwendei mwandishi kama raia anavyomwendea mwandishi. Anamwendea kama mdogo mtu anavyokwenda kwa dada yake, kujisitiri na pengine kukemewa. Na dada akishajua siri za ndugu zake wote, mwenye nyumba ni nani?

Mwanzoni Solis alikuwa mwandishi wa habari za polisi. Naipenda habari hii kumhusu, kwa sababu inaonekana katika uandishi wake wote: sentensi fupi, jina la mtu likitajwa mapema, hakuna kupamba. Alipohamia kwenye habari za wasanii hakubadilisha mwendo. Alichobadilisha ni kwamba alianza pia kuwasimamia wasanii wenyewe. Alikuwa meneja wa Gabby Concepcion, mwigizaji aliyekuwa kipenzi cha wengi miaka ya 1980, na wa Bong Revilla, mcheza sinema za mapigano.

Hapa msomaji wa kwetu anaweza kushtuka. Huyo huyo anayeandika kwamba filamu ya fulani ni nzuri ndiye anayepata fungu katika malipo ya fulani. Lakini Ufilipino hilo halikuwa ajabu. Alfie Lorenzo, aliyefariki mwaka 2017, aliandika safu ya wasanii na papo hapo alikuwa meneja wa Judy Ann Santos, mmoja wa waigizaji wakubwa wa kizazi chake. Ulikuwa ni utaratibu wa kazi, unaojulikana na wote: wahariri, wasanii, hata wasomaji. Mtetezi wa utaratibu huo atasema kwamba jambo linalojulikana na wote si udanganyifu. Hoja hiyo niliiamini kwa muda, mpaka nilipoisoma vizuri habari ya mwaka 1994.

Mwezi Juni mwaka huo lilifanyika Tamasha la Filamu la Manila, chini ya jiji ambalo meya wake alikuwa Alfredo Lim. Usiku wa tuzo, jina la mwigizaji bora wa kiume lililotangazwa lilikuwa Gabby Concepcion, na la kike lilikuwa Ruffa Gutierrez, msichana aliyekuwa ameshika nafasi ya tatu katika mashindano ya Mrembo wa Dunia mwaka 1993. Waamuzi hawakuwa wamewachagua hao. Waliowachagua walikuwa Edu Manzano na Aiko Melendez. Kilichosomwa jukwaani hakikuwa kilichoandikwa kwenye karatasi. Miongoni mwa waliokuwa jukwaani kutoa tuzo alikuwa Viveka Babajee wa Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii hii, aliyekuwa Manila kwa ajili ya mashindano ya Miss Universe yaliyofanyika huko mwezi wa tano. Yeye ndiye aliyesikika akisema kwa Kiingereza, chukua, chukua. Siku zilizofuata mambo yalifumuka, na Solis akajitokeza akakiri kwamba mpango ule ulikuwa wake.

Concepcion aliondoka kwenda Marekani na hakurudi kwenye sinema za kwao mpaka mwaka 2008. Babajee alifariki Mumbai mwaka 2010, akiwa bado kijana. Na Solis? Solis aliyachukua maneno yale akayafanya jina la safu yake katika gazeti la Pilipino Star Ngayon: "Take It... Take It!" Kwa miaka na miaka, kila msomaji aliyefungua ukurasa ule alikumbushwa wizi ule, na mkumbushaji alikuwa mwizi mwenyewe.

Sijui kama kuna mwandishi mwingine aliyewahi kufanya jambo la namna hii. Mara ya kwanza nilipolitafakari nililiona kuwa la kishujaa. Mtu wa kawaida aliyeaibika hujificha, hubadili mji, hubadili hata jina. Huyu aliichukua aibu akaitundika mlangoni kama kibao cha duka. Mara ya pili niliona tofauti, na mpaka leo nipo kwenye hiyo mara ya pili. Aibu iliyotundikwa mlangoni haiumi tena. Inageuka kichekesho, na kila mteja anayeingia anacheka pamoja na mwenye duka, na anayecheka pamoja nawe hakuulizi tena. Aiko Melendez, ambaye usiku wake ulichukuliwa, hana nafasi katika kichekesho hicho.

Nasema hivi bila kujivuna, maana na mimi nina la kwangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, magazeti binafsi yalipoanza kuchipua kama uyoga baada ya mvua, kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiita rushwa. Tuliiita nauli. Ukienda ukumbini kusikiliza bendi, wakati wa kuondoka mtu anakushika mkono, na mkononi mwako inabaki bahasha. Usiku mmoja bendi ninayoifahamu vizuri ilizindua nyimbo mpya. Zilikuwa nyimbo mbovu: gitaa la solo lilikuwa halijapata mazoezi, na mwimbaji aliyekodiwa kutoka bendi nyingine alikuwa anasoma maneno kwenye karatasi. Nikapewa nauli. Nyumbani kwangu na ukumbi ule ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Niliandika kwamba bendi hiyo imefungua ukurasa mpya. Watu walilipa kiingilio Jumamosi iliyofuata kwa kuniamini mimi. Hakuna aliyeniuliza lolote, wala sikukiri.

Kwa hiyo nikimlinganisha Solis na mimi mwenyewe, yeye ananishinda kwa jambo moja: alikiri. Lakini nikiulizwa kama kukiri kwake kulirekebisha chochote katika kazi yenyewe, nitasema hapana. Aliendelea kuwa mwandishi na meneja. Na mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya kashfa, kituo cha GMA kilimweka kuwa mmoja wa watangazaji wa kwanza wa kipindi cha Startalk, pamoja na Boy Abunda na Kris Aquino. Kipindi hicho kilidumu hadi mwaka 2015.

Waliodharau vipindi vya aina ile sikubaliani nao. Katika pwani yetu kuna desturi ya kusuta: mtu akisemwa vibaya, huwakusanya watu wake wakaenda hadi kwa msemaji, wakamtaka arudie mbele ya mashahidi maneno aliyoyatamka kisirisiri. Ni desturi kali, na ina haki ndani yake. Vipindi vya Manila, tangu enzi za Inday Badiday, vilikuwa na kitu cha jinsi hiyo. Msanii aliyesengenywa aliletwa mbele ya watu, akaulizwa, akajibu, akalia kama ni wa kulia, na nchi nzima ilikuwa shahidi. Tofauti ni moja, na kwangu ni kubwa. Katika kusuta, anayesutwa ni msengenyaji. Kule, msengenyaji ndiye aliyekalia kiti cha kuuliza, na aliyesengenywa ndiye aliyetakiwa ajieleze.

Mtu anaweza kusema kwamba haya yote ni mambo ya wacheza sinema, na filamu mbaya ikisifiwa hakuna anayekufa. Katika nchi nyingine pengine. Lakini Ufilipino mcheza sinema Joseph Estrada alikuwa seneta, kisha mwaka 1998 akawa rais, akaondolewa Januari 2001. Bong Revilla, yule yule wa Solis, aliingia Seneti mwaka 2004. Mwaka 2014 aliwekwa kizuizini kwa tuhuma za kufuja fedha za maendeleo, na Desemba 2018 mahakama ikamwachia huru katika shitaka la uporaji wa mali ya umma. Katika miaka hiyo yote Solis aliendelea kumtetea kwa kalamu yake. Sina neno juu ya hukumu, mahakama ilikwishasema. Ninachosema ni kwamba safu ya udaku ilikuwa imegeuka safu ya siasa bila kubadili sauti, na msomaji aliyezoea kusoma habari za ndoa za wasanii aliletewa seneta akiwa amevishwa kanga ile ile ya undugu. Alikuwa akimsoma dada mkubwa anayemtetea mdogo wake. Ni nani atakayemuuliza dada ushahidi?

Kuna sehemu moja ya kazi yake ambayo nimeisoma kwa heshima isiyo na kinyongo, nayo ni ile ya mwisho. Katika miaka yake ya uzeeni alihamia Instagram, na huko aliandika karibu kila siku vipande vifupi kama barua. Havikuwa vinamwendea msomaji. Vilikuwa vinamwendea Salve, mhariri wake wa gazeti, na wakati mwingine Gorgy, mwandishi mwenzake. Salve hili, Salve lile, si ndivyo Salve? Ni mbinu rahisi lakini yenye nguvu sana, kwa sababu inakufanya wewe usomaye uwe kama mtu aliyepita kibarazani akasikia wanawake wawili wakiongea, akapunguza mwendo. Solis hakuhitaji kujifunza mbinu hiyo popote. Ndivyo umbeya ulivyo: hausemwi kwako, unasikika nawe.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, akawa anakwenda kusafishwa damu kwa mashine. Basi akamwandikia Salve kuhusu hilo. Uchovu, sindano, umri, marafiki waliomkumbuka kwa msaada, na hofu, akiitaja kama anavyotaja bei ya samaki. Ni yule mwandishi wa polisi tena, anayeandika ripoti fupi, ila safari hii aliyekutwa na tukio ni yeye. Hapakuwa na msanii wa kumwuzia mtu, wala tuzo. Kesho yake alirudi kumchamba mwigizaji fulani kwa jambo lisilo na maana, na ladha ikapotea. Lakini vile vipande vya ugonjwa, vikikusanywa peke yake, vingefanya kitabu kidogo ambacho ningekiweka karibu na kitanda.

Nilipokuwa naandika haya nilikwenda kulifungua kasha la magazeti yangu ya zamani. Makala ile ya bendi bado ipo, imekuwa rangi ya chai, na picha ya mwimbaji imefutika uso. Nimeisoma yote. Imeandikwa vizuri kuliko nyingi nilizoandika bila kupewa nauli.