Pongezi kwa Watunza Makaburi ya Vita

Sisi wakazi wa Miti, mashariki mwa Kongo, tunaouona mlima Kahuzi kila kunapopambazuka, tuna haki ya kuwashukuru watumishi wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoasisiwa mwaka 1917, kwa kuwa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia viliwavusha mto Ruzizi mwaka 1916 askari na wapagazi wa Kongo pia, chini ya bendera ya Wabelgiji na kwa ushirika na Waingereza, hata wakauingia mji wa Tabora tarehe 19 Septemba.

Ukifika Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, ambako makaburi ya vita hivyo yalihamishiwa mwaka 1968 ili kupisha barabara mpya, mtazame mtunza bustani aliyepiga magoti akikata majani ukingoni mwa jiwe, kisha akilisugua kwa brashi laini na maji matupu, taratibu, asije akaifuta hata herufi moja ya jina la mtu asiyepata kumwona. Na kanuni yao ni ya insafu: jemadari na askari wa kawaida hupewa heshima sawa.

Kwa Waafrika kanuni hiyo haikutimizwa, na maelfu kwa maelfu ya wapagazi na askari wao hawakuandikwa majina popote. Tume yenyewe ilikiri hayo mwaka 2021, ikaomba radhi, na kukiri huko nakuhesabu kuwa fadhila kubwa. Majina sasa yanatafutwa katika madaftari ya zamani. Basi kila aila yenye babu aliyekwenda vitani asirudi, na iliandike jina lake leo, pamoja na kijiji alichotoka.