Can: Usawa wa Chumba Kimoja

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Can walikuwa mafahali watano, na walikaa, tena kwa miaka. Kila anayeandika kuhusu bendi hii ya Ujerumani husifia jambo hilo: haikuwa na bosi, na nyimbo ziliandikishwa kwa majina ya wote kwa pamoja. Sawa. Ila nadhani tunausifu usawa huo bila kuuliza ulisimama juu ya nini.

Tuwaangalie kwanza wenyewe. Mwaka 1968, mjini Cologne, Irmin Schmidt, mpapasa kinanda, na Holger Czukay, mcharaza besi, walikuwa watu wazima wa miaka 30 hivi, wote wawili wamesoma kwa mtunzi Karlheinz Stockhausen. Michael Karoli, mpiga gitaa, alikuwa mwanafunzi wa Czukay, mdogo kwake kwa miaka kumi. Mpiga dramu Jaki Liebezeit alitoka kwenye jazi huria, akachoshwa na uhuru wake, akaamua kurudia pigo lilelile kama saa ya ukutani. Mwimbaji alikuwa Malcolm Mooney, mchongaji kutoka Marekani. Mooney aliporudi kwao, Czukay na Liebezeit walimkuta Mjapani Damo Suzuki akiimba barabarani mjini Munich mwaka 1970. Jioni ileile akapanda nao jukwaani. Hakuna mazoezi, hakuna usaili!

Sasa, watu wa aina hii wanapatanaje? Jibu langu halimo kwenye tabia zao. Limo kwenye mashine. Albamu ya kwanza, Monster Movie (1969), waliitoa wenyewe, nakala 500 tu. Hata Tago Mago (1971) ilirekodiwa kwa mashine ya njia mbili. Maana yake ni kwamba wote wanapiga kwa wakati mmoja, chumba kimoja, na sauti zinaingia pamoja. Ukikosea, umewakosea wote. Ukijitutumua, umewafunika wenzako, na hakuna wa kukupunguza baadaye. Kwa hiyo unasikiliza. Heshima pale haikuwa hiari.

Mtu atasema: mbona Czukay ndiye aliyekata na kuunga kanda? Kweli. Kutoka kwenye saa nyingi za kupiga, yeye alichagua dakika zitakazobaki. Sisi wa chumba cha habari tunaujua mkasi huo: ripota analeta mahojiano ya saa nzima, msomaji anapata sentensi mbili alizoziacha mhariri. Hayo ni madaraka, tusidanganyane. Lakini kwenye kanda ya namna ile mkasi unakata bendi nzima. Huwezi kumtoa Karoli ukambakiza Schmidt. Sikiliza Halleluhwah, dakika 18 na zaidi. Besi ya mhariri mwenyewe ni noti chache tu, na dramu ya Liebezeit ndiyo inayotembea mbele.

Kisha vifaa vikawa bora. Kufikia Landed (1975) walikuwa na mashine ya njia 16, na kila mmoja aliweza kuirekebisha sehemu yake peke yake. Albamu si mbaya, inang'aa hata. Ila ninachokisikia ni watu wanaopishana mlangoni. Mwaka 1977 Rosko Gee, Mjamaika, alishika besi, Czukay akahamia kwenye redio na kanda zake, na haikuchukua muda akaondoka.

Ndiyo maana naona hadithi ya bendi isiyo na bosi inatupumbaza kidogo. Inatufanya tuamini kwamba nia njema inatosha. Can walikuwa nayo mwanzo na mwisho, na majina yao yaliendelea kuandikwa pamoja. Kilichopotea ni ile lazima ya kusikilizana.

Anza na Tago Mago, halafu Landed, usiku mmoja. Uniambie kama nimesikia vibaya.