Kasi ya Kampuni Isiyo na Ofisi

GitLab ni kampuni isiyo na ofisi. Wafanyakazi wake wametawanyika katika nchi nyingi, na hata hivyo kwa zaidi ya miaka 10 ilitoa toleo jipya la programu yake kila tarehe 22 ya mwezi. Wengi hudhani kasi hiyo huletwa na watu wanaokesha wakijibu ujumbe. Mimi naona chanzo chake ni kitabu cha mwongozo chenye kurasa zaidi ya 2,000, kilicho wazi kwa yeyote mwenye intaneti: aliye macho wakati wenzake wamelala husoma uamuzi uliokwisha kufikiwa, akaendelea na kazi. Atakayepinga atasema kuandika hupoteza muda, kwamba neno moja la mdomo lingetosha. Lingetosha kwa wawili waliokaa pamoja. Wa tatu akija, neno hurudiwa, na wa kumi hulipata limepinda.

Pingamizi zito zaidi linatokana na usiku wa tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi aliyekuwa akirekebisha seva ya akiba ya hifadhidata alitoa amri ya kufuta kwenye seva kuu, akidhani yuko kwenye ile nyingine. Alipoikatiza, kati ya GB 300 hivi zilibaki 4.5. Nakala rudufu za kila siku hazikuwepo, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata. Onyo lilitumwa kwa barua pepe, lakini barua hizo zilikosa saini ya uthibitisho, zikakataliwa njiani. Kilichookoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa kama sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa.

Je, umbali ndio uliosababisha? Ripoti ya kampuni yenyewe, iliyotolewa hadharani, ilikiri kwamba hakuna aliyekabidhiwa jukumu la kuzijaribu nakala hizo. Kasoro hiyo imo hata katika ofisi zilizojaa watu. Lakini ofisini huenda mpita njia akauliza. Kwenye kazi ya mbali hakuna mpita njia. Kwa hiyo wewe unayeongoza timu ya namna hii, kando ya kila utaratibu ulioandikwa weka jina la mtu mmoja, na tarehe aliyoujaribu mara ya mwisho.