Daftari la Wakfu si Bid'a: Nasaha kwa Taasisi Zetu za Ngara na Biharamulo

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, kuna jibu moja ambalo limeua mipango mingi katika taasisi zetu: "Wazee wetu hawakufanya hivyo." Likitoka kwa mwenye elimu, huongezwa kwamba jambo jipya ni bid'a. Makala hii inakusudia kulipima jibu hilo kwa mizani ya fiqhi, na mfano wetu ni wakfu katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera.

Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya bid'a. Izzuddin bin Abdissalaam (aliyefariki 660 H), wa madhehebu ya Shafii, aliigawa kwa hukumu tano, kuanzia wajibu hadi haramu. Ash-Shaatibi (aliyefariki 790 H), wa madhehebu ya Maliki, aliukataa mgawanyo huo katika al-I'tisaam. Lakini huyo huyo Shaatibi alitenganisha bid'a na maslahi ambayo sheria haikuyataja kwa jina wala haikuyakataza, kama kukusanywa kwa Msahafu zama za Abubakar (r.a.). Basi pande hizi mbili, ambazo wafuasi wake hugombana misikitini mwetu, zinakutana hapa: njia za kuihifadhi dini na mali zake si bid'a iliyokatazwa.

Wakfu wenyewe ni ushahidi. Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar alimtaka ushauri Mtume (s.a.w.), akaelekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Baadaye, kama alivyopokea Abu Daud, Umar aliandikisha hati: mwandishi wake Mu'aiqib, shahidi wake Abdullah bin al-Arqam, na msimamizi baada yake bintiye Hafsa (r.a.), kisha mwenye rai njema katika jamaa zake. Hukumu ya wakfu ilikwishatoka kwa Mtume. Umar hakuizidishia kitu. Alichoongeza ni njia ya kuilinda ili isife pamoja naye.

Sasa tuitazame hali yetu. Mara nyingi kiwanja cha msikiti au madrasa ya kijijini hutolewa kwa mdomo, mbele ya wazee wachache. Wazee wakiondoka, wakfu hubaki bila ulimi. Na katika wilaya hizi watu na mipaka havikutulia. Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Desemba 1996 wengi wao wakarejeshwa Rwanda. Chato ilimegwa kutoka Biharamulo, na mwaka 2012 ikaingizwa katika mkoa mpya wa Geita. Anayetegemea kumbukumbu za watu peke yake mahali kama hapa ameiacha amana njiani.

BAKWATA iliundwa Desemba 1968, mwezi uleule EAMWS ilipopigwa marufuku, nayo ina ngazi zake kutoka taifa hadi chini. Ngazi si kosa. Umma hauendi bila uongozi. Kosa ni pale ngazi zinapopandisha michango na kuteremsha amri tu, na rai ya wilaya ikakosa njia. Kutoka Ngara hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 200 za barabara. Imamu wa kijijini akilazimika kungoja idhini ya mkoa, kisha ya makao makuu, ili tu aorodheshe viwanja, hatajaribu mara ya pili. Na nchi haikuufunga mlango: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaruhusu kundi la watu kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji.

Watasema: wilaya zikipewa uhuru, mali italiwa na fitna itazuka. Hofu hii ina haki yake, lakini dawa yake imo katika hati ya Umar: maandishi, shahidi, na msimamizi anayejulikana. Wilaya ipewe ruhusa ya kujaribu, kila mwaka isome hesabu mbele ya waumini, na nakala ipelekwe mkoani. Wala tusidhani kwamba kununua kompyuta ndio ubunifu. Daftari la shilingi chache lenye ukweli ni bora kuliko mashine yenye orodha tupu.

Anayeogopa bid'a ameogopa jambo la haki. Ila aogope pia amana kupotea mikononi mwake, maana hilo nalo wema waliotangulia hawakulifanya.

Wallahu a'alam.